Ugumba: vipimo vya wawili kabla ya dawa ya mmoja

Shikamooni wakubwa, vijana, habari zenu. Niwapongeze kwanza akina baba mliofika. Mikutano ya mambo haya huwa imejaa akina mama watupu, kana kwamba mimba hutungwa na mtu mmoja.

Tasa, mgumba: maneno haya mtaani huvalishwa mwanamke. Hospitalini ugumba ni wa nyumba. Mume na mke wakikutana mara kwa mara bila kinga wala dawa ya kupanga uzazi, miezi 12 ikapita bila mimba, basi nyumba hiyo ina ugumba, na vipimo ndivyo vitakavyosema tatizo liko upande gani. Mke akiwa ametimiza miaka 35 hatungoji mwaka, miezi 6 inatosha. Akivuka 40 aje mara moja. Wapo pia wasiopaswa kungoja hata mwezi: mwanamke ambaye hedhi yake hupotea miezi mitatu mitatu, aliyewahi kulazwa kwa maumivu makali ya tumbo la chini, aliyepata mimba nje ya kizazi, na mwanaume ambaye korodani zake hazikushuka utotoni, au aliyetibiwa saratani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 hukutana na hali hii wakati fulani maishani.

Mbona mwaka mzima? Kwa sababu hata wanandoa vijana, wazima kabisa, nafasi yao kwa mwezi mmoja ni kama 20 hadi 25 katika 100. Ndani ya mwaka, zaidi ya 80 katika 100 huwa wameshika mimba, na karibu nusu ya waliobaki hushika mwaka wa pili. Kwa hiyo bibi harusi wa miezi minne anayepelekwa kwa mganga na mama mkwe hana ugonjwa wowote. Ana mama mkwe.

Sasa habari ya siku, maana wengine tatizo lao ni kalenda tu. Yai likitoka huishi saa 12 hadi 24. Mbegu ya mwanaume ikikuta ute mzuri huweza kuishi mpaka siku 5. Siku za kushika mimba basi ni zile 5 za kabla ya yai kutoka, pamoja na siku yenyewe. Anayengoja mpaka yai litoke ndipo aanze, amechelewa. Wengi mmeshikilia siku ya 14. Hiyo ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Hesabu huanzia mwisho: kutoka yai kutoka hadi hedhi inayofuata ni karibu siku 14, na kipande hicho hakibadiliki sana. Mwenye mzunguko wa siku 35, yai lake hutoka karibu siku ya 21. Mwenye siku 24, karibu siku ya 10. Asiyependa hesabu aangalie ute: siku zikikaribia huwa mwingi, mwangavu, na huvutika kati ya vidole kama ute mbichi wa yai la kuku. Na ambaye hata hilo linamchosha, wakutane kila baada ya siku mbili au tatu mwezi mzima, inatosha. Mate na vilainishi vingi vya dukani hudhoofisha mbegu. Kuinua miguu ukutani hakudhuru, ila hakuongezi kitu.

Naanza na wanaume, kwa makusudi. Karibu nusu ya nyumba tunazochunguza zina kasoro upande wa mume, iwe peke yake au pamoja na ya mke. Halafu angalieni mambo yanavyokwenda: mke amezunguka miaka mitatu, faili lake nene, amepigwa picha, amechomwa sindano, amekunywa mizizi, mume hajatoa hata tone la kupimwa. Na kipimo chake ndicho rahisi kuliko vyote. Hakina sindano wala kisu.

Kinachowapoteza wanaume ni kudhani kwamba nguvu za kiume na mbegu ni kitu kimoja. Maji yanayotoka hutengenezwa kwa sehemu kubwa na vifuko vya manii na tezi dume. Mbegu zenyewe, zinazotoka kwenye korodani, hazizidi asilimia 5 hivi ya ujazo wote. Mtu anaweza kuwa na nguvu zake zote, manii mengi, mazito, na ndani yake mbegu ikawa sifuri. Kwa macho hakuna anayeweza kujua, si yeye, si mkewe. Ni darubini peke yake.

Kipimo kinakwenda hivi. Mwanaume akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Chini ya hapo hesabu inashuka, juu ya hapo mbegu zilizokufa huongezeka. Kikombe hutolewa na maabara, kina mdomo mpana na mfuniko. Anakojoa kwanza, ananawa mikono na uume, anakauka vizuri, kisha anatoa kwa mkono, bila sabuni, bila mafuta, bila mate. Kondomu ya kawaida haifai, kwa sababu ina vitu vinavyodhuru mbegu. Anayezuiwa na dini yake kujichua, mkewe amsaidie, au waulize kondomu maalumu isiyo na dawa. Manii yote yaingie kikombeni, na hasa yale ya mwanzo, kwa kuwa matone ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi kuliko yanayofuata. Yakimwagika nje aseme, arudie siku nyingine. Asijaze fomu kimya kimya, maana majibu yatamdanganya yeye mwenyewe. Akitolea nyumbani, kikombe kisafiri ndani ya shati karibu na mwili, si kwenye barafu wala juu ya dashibodi juani, na kifike maabara ndani ya saa moja. Aandike saa na dakika aliyotoa.

Majibu yakirudi, msiangalie namba moja tu. Viwango vya chini vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 ni hivi: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, au milioni 39 kwa jumla ya bao lote, zinazotembea asilimia 42, na zinazokwenda mbele asilimia 30, zenye umbo zuri asilimia 4. Naona mmeshtuka hapo kwenye 4. Ndiyo, hata mwanaume aliyezaa, mbegu zake nyingi zina kasoro ya umbo. Hiyo ni hali ya binadamu. Viwango hivi vilipatikana kwa kupima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka, kisha ukachukuliwa mstari ambao 5 katika 100 miongoni mwao walikuwa chini yake. Kwa hiyo aliye chini kidogo si kwamba hazai, na aliye juu hajapewa hati ya kuzaa.

Mbegu moja huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, na ukiongeza safari yake ya kukomaa na kutoka, hesabu karibu miezi mitatu. Homa kali ya malaria uliyougua mwezi uliopita inaweza kuonekana kwenye kipimo cha leo. Dawa unayoanza leo usiipime wiki ijayo. Ndiyo maana kipimo kibaya hurudiwa baada ya miezi mitatu, isipokuwa kikiwa sifuri. Hicho kirudiwe mapema.

Na sifuri nayo si moja. Kuna sifuri ya kiwanda kilichosimama na kuna sifuri ya barabara iliyofungwa. Daktari hupapasa korodani, hupima FSH, homoni ambayo ubongo huiamrisha nayo korodani, na testosteroni, homoni ya kiume, kisha hutazama ujazo wa manii. Korodani ndogo na FSH iliyopanda sana, maana yake ubongo unapiga kelele na kiwanda hakiitikii: labda ni matumbwitumbwi yaliyompata baada ya kubalehe yakashukia korodani, labda korodani zilikaa tumboni utotoni, labda alizaliwa na kromosomu ya X ya ziada. Korodani za ukubwa wa kawaida na FSH ya kawaida, hapo tunafikiria mirija imeziba, na kisonono au klamidia isiyotibiwa ndiyo hutajwa mwanzo. Au mrija ulifungwa bila kukusudia kwenye upasuaji wa ngiri. Ujazo ukiwa mdogo sana, chini ya mililita 1, tunauliza kisukari na dawa anazotumia, na tunapima mkojo mara baada ya kumwaga, kwani manii huweza kurudi nyuma yakaingia kwenye kibofu. Tatu hizi zina tiba tatu tofauti. FSH na testosteroni zikiwa chini zote mbili, hiyo ni ya nne, na ndiyo tunayoifurahia: ubongo haujatuma amri, na sindano za homoni kwa miezi kadhaa huweza kuamsha kiwanda.

Palepale niseme jambo linaloudhi. Mwanaume anaambiwa mbegu zake ni chache, anakwenda dukani au jimu, anachomwa testosteroni "aongeze". Testosteroni kutoka nje ni dawa ya kuzuia mbegu. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu huacha kutuma FSH na mwenzake LH, na korodani zinasinyaa. Wapo wanaofika sifuri kabisa ndani ya miezi michache. Wakiacha, wengi mbegu zao hurudi kati ya miezi 6 na 12, wengine huchukua mpaka miaka miwili. Sindano za kujenga misuli ni zilezile, hata chupa ikiandikwa jina jingine.

Sababu inayoonekana zaidi kwa wanaume wenye ugumba ni mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, karibu kila mara upande wa kushoto, kwa kuwa vena ya kushoto ni ndefu zaidi na huingia kwenye vena ya figo kwa pembe ya mraba, damu ikapata shida kupanda. Akisimama, daktari huihisi kama fungu la minyoo laini. Damu hiyo iliyotuama huleta joto, na korodani zimewekwa nje ya tumbo kwa sababu zinahitaji kuwa baridi kwa nyuzi 2 hadi 4 kuliko mwili. Upasuaji hufaa pale ambapo uvimbe unahisika kwa mkono na kipimo cha manii ni kibaya. Mabadiliko huonekana baada ya miezi 3 hadi 6. Ile inayoonekana kwenye ultrasaundi tu, isiyohisika kwa mkono, kuipasua hakuleti faida. Busha nalo, ambalo watu wa pwani mnalijua kwa sababu ya matende, hufunika korodani kwa joto na likiwa kubwa huzuia hata tendo lenyewe. Lina upasuaji wake, na mtu asilifiche mpaka likafika magotini.

Sigara, pombe nyingi, unene, kazi ya kusimama mbele ya tanuri siku nzima: vyote hupunguza, ila mara chache ndivyo vinavyoleta sifuri. Acheni, lakini msiache kupima kwa kuwa mmeacha sigara.

Tuje kwa akina mama, na hapa nitakaa kwenye mirija, kwa sababu kwetu Afrika kusini mwa Sahara hiyo ndiyo sababu kubwa, na ndiyo inayoeleza kwa nini wengi wenu mlizaa mtoto mmoja vizuri halafu mlango ukafungwa. Huo ni ugumba wa pili, kwa lugha ya hospitali.

Mrija wa uzazi una urefu wa sentimita 10 hadi 12. Unapopenya ukuta wa kizazi, njia yake ya ndani haifiki milimita 1. Ndani umetandikwa vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyopepea kuelekea kizazini na kulisukuma yai. Klamidia au kisonono, uchafu baada ya kujifungua, mimba iliyotolewa kwa njia zisizo salama, kidole tumbo kilichopasuka, au kifua kikuu kilichoshuka kwenye via vya uzazi, vyote humalizikia hapo: vinyweleo vinaungua, kuta zinashikana. Mrija huweza kuziba, au ukabaki wazi lakini bila vinyweleo, na huo wa pili ndio mbaya zaidi kwa maisha, kwa kuwa mbegu inapita, mimba inatunga, kisha inakwama njiani. Mwenye historia hii akikosa hedhi, akapata maumivu upande mmoja, kizunguzungu au maumivu ya bega, asingoje asubuhi.

Maambukizi haya ya via vya uzazi, mnayoyaita PID, huhesabiwa kwa mapigo. Utafiti mkubwa wa Sweden uliwafuata wanawake waliothibitishwa kwa kuchungulia tumbo: waliougua mara moja, kama 8 katika 100 walipata ugumba wa mirija, mara mbili, karibu 20, mara tatu au zaidi, 40. Kwa hiyo homa, maumivu ya tumbo la chini na uchafu wenye harufu havisubiri mshahara. Kuchelewa siku tatu tu kunaongeza hatari kwa kiasi kikubwa. Tiba inayotumika mara nyingi ni sindano ya seftriaksoni, kisha doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku na metronidazoli miligramu 500 mara mbili kwa siku, zote kwa siku 14. Zote 14, si mpaka maumivu yaishe. Na mume atibiwe siku hiyohiyo hata kama hana dalili, la sivyo anamrudishia mkewe usiku wa kwanza. Wengi wenu mmeambiwa "UTI sugu" miaka nenda rudi, mkapewa vidonge vya siku tano. Mkojo uoteshwe maabara, na daktari apime kizazi kwa mkono. Kizazi kikiuma kinaposogezwa, hiyo si UTI.

Mtaani maumivu yote ya huku chini huitwa chango. Chango hilo laweza kuwa maambukizi, laweza kuwa uvimbe, laweza kuwa hedhi yenye maumivu ya kawaida, laweza kuwa endometriosisi, yaani ngozi ya ndani ya kizazi kuota nje ya kizazi na kutoa damu kila mwezi mahali isipo na pa kutokea. Dawa moja ya chango haiwezi kuwa ya vitu vinne.

Mirija hupimwa kwa HSG, yaani picha ya eksirei ya kizazi na mirija. Uje siku ya 6 hadi ya 10 ya mzunguko, damu ikiwa imekatika na yai halijatoka, na usikutane na mume tangu hedhi ianze, kusudi tusimwagie rangi mimba changa. Ukiwa na maambukizi yanayoendelea, kipimo kinaahirishwa. Meza dawa ya maumivu saa moja kabla. Unalala chini ya mashine ya eksirei, kifaa cha kufungulia uke kinawekwa kama wakati wa kupima saratani ya mlango wa kizazi, mrija mwembamba unaingizwa na rangi inasukumwa pole pole. Hapo ndipo tumbo linakaza kama hedhi kali, dakika chache, kisha linaachia. Kwenye picha, kizazi huonekana kama pembetatu iliyopinduliwa, na kutoka kila pembe ya juu uzi mweupe unajinyoosha, halafu rangi inamwagika tumboni na kutawanyika kama moshi. Huo moshi ndio tunaoutaka. Uzi usipoonekana kabisa, si lazima mrija umeziba: maumivu na woga hubana mdomo wake, na kusukuma haraka huleta jambo hilohilo. Kipimo kimoja kinachosema "zimeziba karibu na kizazi" kinastahili kurudiwa, au kuthibitishwa kwa upasuaji wa matundu madogo. Lakini ukiona mrija umevimba kama soseji na rangi imebaki ndani bila kumwagika, huo umeziba kwa nje na umejaa maji.

Sasa sikilizeni habari ya dawa za kusafisha mirija: za kunywa, za kujifukiza, za kuweka ukeni usiku kucha. Kovu halinyweki likaisha. Chai yoyote unayokunywa inaishia tumboni na kwenye damu, haipiti ndani ya mrija. Na vitu vinavyowekwa ukeni, shabu ikiwemo, huunguza ukuta wa uke, huua bakteria wazuri na kufungulia mlango maambukizi mapya. Mnalipia ugonjwa mnaoukimbia. Mrija uliobanwa karibu na kizazi mara nyingine hufunguliwa kwa waya mwembamba unaopitishwa kutoka ndani. Makovu machache ya nje hukatwa kwa upasuaji wa matundu. Mrija uliojaa maji, ikiwa mnakwenda kwenye upandikizaji wa mimba iliyotungishwa maabara, hutolewa au hufungwa kwanza, kwani yale maji hurudi kizazini na kupunguza nafasi ya mimba kwa karibu nusu. Mwanamke anasikitika kutolewa mrija ili azae, na ni haki yake kuuliza mara mbili. Jibu ni hilohilo.

Yai lisilotoka ni habari nyepesi zaidi, na hapa dawa zinafanya kazi. Hedhi zinazopishana zaidi ya siku 35, ndevu kidevuni, chunusi, uzito unaopanda: mara nyingi ni PCOS, hali ya ovari kuwa na vijifuko vingi na homoni kuvurugika. Daktari hutafuta mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vijifuko vingi vidogo kwenye ultrasaundi. Picha ya ultrasaundi peke yake haitoshi. Wanawake wengi wazima wanazo. Kabla ya dawa tunapima TSH, inayoonyesha hali ya tezi ya shingo, na prolaktini, homoni ya maziwa. Tezi ya shingo ikilegea hupandisha prolaktini, kwa hiyo hiyo hutibiwa kwanza. Na mwanamke aulizwe dawa anazotumia, maana metoklopramidi ya kutapika na baadhi ya dawa za akili huipandisha vilevile. Prolaktini ya kweli hushushwa na kabagolini, mara mbili kwa wiki.

Kwa mwenye uzito mkubwa, kupunguza asilimia 5 tu ya uzito, yaani kilo 4 na nusu kwa mtu wa kilo 90, mara nyingine hurudisha yai bila kidonge. Dawa ya kwanza kwa PCOS leo ni letrozoli, miligramu 2.5 kwa siku, siku 5 kuanzia siku ya 3 ya hedhi. Kwenye utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, waliozaa kwa letrozoli walikuwa 27.5 katika 100, kwa klomifeni 19.1. Klomifeni, hiyo mnayoiita Clomid, bado inatumika, kuanzia miligramu 50, lakini hukondesha ukuta wa kizazi kwa baadhi ya watu na huleta mapacha mara nyingi kuliko kawaida. Shida kubwa ni jinsi inavyonunuliwa: bila ultrasaundi, mwezi baada ya mwezi, miezi 10, wakati mirija imeziba au mume ana sifuri. Mwenye kupewa dawa hizi apigwe ultrasaundi karibu siku ya 10 hadi 12. Kijifuko cha yai kinachokomaa hukua karibu milimita 2 kwa siku na hupasuka kikifika kama 20. Vikionekana vitatu au vinne vikubwa kwa pamoja, mzunguko huo hauendelei. Msikutane bila kinga, msije mkavuna wanne tumboni. Mizunguko sita bila mimba, tuache, tutafute kingine.

Uvimbe wa kizazi nitaupitia haraka. Unaozuia mimba hasa ni ule unaojitokeza ndani ya chumba cha kizazi, na huo hutolewa kwa kamera inayopita mlango wa kizazi, bila kupasua tumbo. Ulioning'inia nje unaweza kuachwa. Wanawake wengi wenye uvimbe wanazaa. Asiwepo wa kukimbilia kisu kabla ya kujua umekaa wapi. Na aliyesafishwa kizazi baada ya mimba kuharibika, kisha hedhi ikapungua mno au ikakatika, aseme, kwa kuwa kuta huweza kushikana, nazo hutenganishwa kwa kamera hiyohiyo.

Umri nao. Mwanamke huzaliwa na mayai milioni 1 hadi 2, akibalehe hubaki kama laki 3 au 4, na hakuna mapya yanayotengenezwa. Baada ya miaka 35 idadi na ubora hushuka kwa kasi. Ndiyo sababu miaka mitatu ya mizizi kwa mwanamke wa 34 ni ghali kuliko fedha alizotoa.

Zikishindikana hizo, kuna kusaidiwa. Mbegu kuoshwa na kupandikizwa kizazini kwa mrija laini kunahitaji mrija mmoja wa uzazi ulio wazi na mbegu za kutosha zinazotembea. Bila hivyo ni kupoteza fedha. Upandikizaji wenyewe, IVF, ulianza na mtoto aliyezaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978; Kampala ulizaa mtoto mwaka 2004, Nairobi mwaka 2006. Mwanamke huchomwa sindano za homoni kila siku, siku 8 hadi 12, ultrasaundi zikifuatilia. Kisha sindano ya kukomaza, na saa 34 hadi 36 baadaye mayai yanavutwa kwa sindano kupitia ukeni, akiwa amelazwa usingizi mwepesi. Saa hiyo haina mzaha: sindano ya saa 4 usiku ikichomwa saa 8, mayai hayako tayari. Mayai na mbegu hukutanishwa maabara; mbegu zikiwa dhaifu, moja moja huingizwa ndani ya yai kwa sindano ya kioo. Na mwenye sifuri ya barabara iliyofungwa huchotwa mbegu moja kwa moja kwenye korodani. Siku ya 3 au ya 5 kiinitete, yaani yai lililorutubishwa, kinarudishwa kizazini, kimoja kwa kawaida, na damu hupimwa takriban wiki mbili baadaye. Takwimu za Uingereza zinaonyesha kuwa chini ya miaka 35 karibu theluthi moja ya viinitete vinavyorudishwa huishia mtoto. Kuanzia 43, chini ya 5 katika 100, kama mayai ni ya mwanamke mwenyewe. Kituo kinachowaahidi "asilimia 90" muulizeni: ya nini, mimba au mtoto, na kwa umri gani? Na bei waliyotaja, je, dawa, usingizi na kugandisha viinitete vimo? Baada ya kuvutwa mayai, tumbo likivimba haraka, pumzi ikibana, mkojo ukipungua, rudini hospitali usiku huohuo.

Wanandoa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, au mmoja wao anavyo, msidhani mlango umefungwa. Dawa zikimezwa na wingi wa virusi ukawa hauonekani kwenye vipimo, havipiti kwa mwenza kwa kujamiiana. Zungumzeni na kliniki yenu mpange miezi ya kujaribu. Na kila mwanamke anayejaribu ameze asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku, aanze angalau mwezi mmoja kabla ya mimba; mwenye selimundu, kisukari au kifafa aulize dozi kubwa zaidi.

Mkija kliniki njooni wawili, siku moja. Leteni tarehe za hedhi za miezi sita, picha zenyewe za HSG na si karatasi ya majibu peke yake, orodha ya kila dawa mnayotumia pamoja na za kienyeji na za jimu, na habari ya kila upasuaji, hata wa ngiri ya utotoni. Kikombe mtapewa maabara. Msilete chupa ya dawa ya kikohozi iliyooshwa.

Maswali sasa. Asiyetaka kusimama aandike kwenye karatasi, bila jina, apitishe mbele.